Bangili Ndani ya Koili

Kila siku akitoka shule, Profesa alikuwa na kazi tatu: kufagia vipande vya nyuzi chini ya cherehani, kukunja sare zilizokwisha kushonwa, na kumwangalia mdogo wake. Profesa halikuwa jina lake. Wenzake darasani walimbandika msichana huyo jina hilo kwa sababu hakuna redio mbovu iliyopita mbele yake ikabaki na kifuniko. Mdogo wake wa kike, wa miaka sita, aliitwa Kibogoyo tangu meno ya mbele yalipomtoka, naye alilipenda jina hilo kuliko lake la kweli. Mama yao, fundi cherehani, alishonea sebuleni, na alasiri alitoka kupeleka nguo za wateja.

Alasiri hiyo, mama alipotoka tu, Profesa alivuta boksi lake kutoka uvunguni mwa kitanda. Ndani yake mlikuwa na koili mbili, yaani mizunguko ya waya wa shaba alioutoa kwenye feni iliyoungua, na sakiti ndogo ya redio mbovu ya kuufanya umeme wa betri uende na kurudi. Mwalimu wa sayansi alikuwa amewaeleza: umeme ukienda na kurudi haraka haraka kwenye koili ya kwanza, koili ya pili iliyo karibu huupokea bila waya wowote kuziunganisha, mradi zote mbili ziende kwa mwendo mmoja, kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati wake. Aliwaruhusu wajaribu nyumbani kwa betri za tochi, si zaidi, tena mbele ya mtu mzima.

Kwa betri za tochi, taa ndogo ya Profesa, iliyofungwa kwenye koili ya pili, iliwaka umbali wa kiganja kimoja tu. Maonyesho ya shule yalikuwa Ijumaa, naye alitaka iwake kutoka upande wa pili wa meza. Basi akachukua betri ya pikipiki ya mjomba wao, iliyokuwa imeletwa ndani kuchajiwa. Taa ikawaka kwa mwanga mkali hata Kibogoyo akapiga makofi. Profesa akainamia daftari kuandika vipimo, kichwa kimemvimba kwa sifa ambazo hakuna mtu aliyekuwa amempa bado.

Kibogoyo akapitisha mkono katikati ya koili ya kwanza ili aishike taa. Mkononi alivaa bangili ya chuma aliyovishwa angali mdogo, na ambayo sasa haikutoka ila kwa sabuni. Chuma kikiingia ndani ya koili yenye nguvu kiasi hicho hupata moto chenyewe, bila kuguswa na mwali wala waya. Profesa alikuwa amelisoma jambo hilo wiki iliyopita, lakini hakulikumbuka. Alichosikia ni yowe.

Alichomoa waya, akammiminia mdogo wake maji baridi, akapaka sabuni, akavuta. Bangili ilitoka na ngozi. Kibogoyo alilia mpaka sauti ikamkauka. Hapo ndipo Profesa alipofanya jambo baya kuliko lile la kwanza. Alisukuma boksi uvunguni, akatia bangili mfukoni, akampigia mdogo wake magoti.

"Mama akiuliza, sema pasi. Umesikia? Pasi."

"Pasi," Kibogoyo akasema kwa kwikwi.

Mama aliporudi na kuambiwa, hakuuliza mara mbili. Aliitazama pasi yake mezani, akashika kichwa. "Niliizima! Jamani, si niliizima?" Akambeba mtoto, wakaenda zahanati mbiombio, Profesa akiwafuata nyuma.

Tabibu aliugeuza ule mkono taratibu, huku na huku. Jeraha lilizunguka kifundo kizima.

"Mama, pasi huunguza upande mmoja. Hili limezunguka kama kamba. Nani alimfunga mtoto huyu?"

"Kumfunga? Mwanangu? Hakuna, daktari!"

"Mtoto mzuri, nani alikuumiza?"

Kibogoyo alimtazama dada yake kwanza. "Pasi."

Tabibu alijua mtoto amefundishwa la kusema, ila alidhani aliyemfundisha ni mama. Akasema kwamba atamwita afisa wa ustawi wa jamii, na kwamba mtoto hatarudi nyumbani mpaka ijulikane ni nani anayemtesa. Mama akaketi kwenye benchi.

"Labda ni mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Labda niliiacha inawaka. Niandike mimi, daktari. Lakini msinichukulie mwanangu, nawaomba."

Profesa aliipapasa bangili mfukoni. Akinyamaza, lawama itabaki kwa mama, na hakuna atakayejua kamwe. Alilijua hilo vizuri, na kwa kitambo kifupi cha aibu alilitamani. Kisha akapiga moyo konde, akaiweka bangili mezani.

"Si mama. Ni mimi."

Alieleza yote: koili, betri ya pikipiki, sabuni, na uongo. Mama alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Tabibu hakumfokea. Alikuwa tayari anaandika barua ya kwenda hospitali kubwa.

"Ngozi iliyoungua pande zote huvimba na kubana damu isifike vidoleni," alisema bila kuinua kichwa. "Muda wa kumsaidia nimeutumia kutafuta mtu wa kumshtaki."

Kibogoyo alilazwa majuma matatu. Vidole vinne vilipona. Kidole cha mwisho hakikukunjika tena.

Profesa hakwenda kwenye maonyesho. Alikwenda kwa mwalimu wake, akakiri kwa mdomo wake mwenyewe, akamkabidhi koili zake zifungiwe kabatini. Mdogo wake aliporuhusiwa kutoka hospitali, yeye ndiye aliyembadilisha bandeji kila siku, kama muuguzi alivyomwelekeza. Siku zote hizo mama alimsemesha ya lazima tu, na ukimya huo ulimuuma Profesa kuliko kiboko.

Siku moja mama akasimamisha cherehani.

"Njoo hapa, mwanangu. Mimi nimekata vitambaa vya watu vibaya, tena si mara moja. Nikimwonyesha mwenye kitambaa siku hiyohiyo, tunatafuta la kufanya. Nikikificha, kinaharibika zaidi na yeye haniamini tena. Ulimkaidi mwalimu ukacheza na nguvu usiyoimudu. Hilo ni kosa, na mwenzako ndiye anayelibeba. Lakini mtoto analia kwa maumivu, nawe unamfundisha uongo wa kukukinga wewe! Hilo limeniumiza sana. Sayansi yako ipende, sikukatazi. Ila ukiharibu, sema papo hapo, hata kama utaaibika."

"Nisamehe, mama." Profesa alilia, wala hakujitetea.

Kibogoyo alikuwa sakafuni, anajizoeza kushika penseli. Kesho yake angerudi shule.

"Dada," aliuliza, "wakiniuliza mkono umefanya nini, niseme nini?"

Mama alimgeukia Profesa. Alimwachia ajibu.

"Sema ni dada yako aliyekuunguza," Profesa alisema. "Na wasipokuamini, waje waniulize mimi."