Ufunguo Mzuri, Kitasa Kibovu

Aloyse Kieffer alikuwa fundi vitasa mtaani kwetu, Strasbourg. Asubuhi alikunywa kahawa kwa kipande cha bretzel, mkate uliosokotwa kama fundo, kisha akashika tupa yake ya kuchongea. Ukipoteza ufunguo wa kabati la bibi yako, unampelekea yeye kitasa. Alikuwa akiingiza ufunguo usiochongwa, anauzungusha kidogo, anautoa, anatazama alama zilipogusa. Anachonga hapo, anaurudisha tena, mpaka kitasa kikubali.

"Kitasa kisicho na ufunguo," alizoea kujigamba, "kinanisubiri mimi."

Mjukuu wake, Maëlle, alikuwa na miaka tisa. Alichelewa kusema, na maneno yake yalikuwa machache. Alipofika miaka minane mikono yake ilianza kurukaruka yenyewe. Supu ikamwagika, penseli ikaanguka. Wenzake wakamwita kikaragosi. Kwenye duka la mikate wanawake walinong'ona kwamba Sabine, mama yake, amemdekeza.

Sikukuu ya Mtakatifu Martin ilikuwa inakaribia. Siku hiyo, giza likianza kuingia, watoto hutembea mitaani na taa za karatasi zenye mshumaa. Mwaka uliopita taa ya Maëlle iliyumba ikashika moto. Safari hii mwalimu alipendekeza atazame dirishani. Babu alikataa. Mjukuu wake atatembea na wenzake, tena na taa yake mkononi.

Hospitali walipima damu, wakapata kasoro ya kurithi. Sabine akamweleza baba yake alivyoelewa: ni kama kitasa ndani ya ubongo, na ufunguo wake wa asili haujulikani. Mzee alifurahi kabisa. Kumbe kitasa tu! Akaagiza mtandaoni matone yaliyosifiwa kwamba yanafungua vitasa vyote vya ubongo. Akawa anamtilia mtoto kwenye juisi ya tofaa bila kumwambia Sabine.

Mikono ikatulia. Lakini Maëlle akaanza kusinzia darasani, na yale maneno machache yakapotea.

Jirani yetu Odile, anayefanya kazi kwenye maabara ya ubongo inayochunguza kasoro hiyohiyo, na ambaye Sabine alimwonyesha majibu ya damu, alikuja dukani kuchongesha ufunguo. Akamkuta mtoto amelala juu ya meza, na kichupa kando.

"Mzee Aloyse, haya matone ya nini?"

"Ya kufungua kitasa chake. Si ndiyo kazi yenu nyie?"

"Ndiyo kazi yetu, na ufunguo wake wa asili bado hatujaupata. Ndiyo maana tunakiita kipokezi yatima. Tumechonga wa kwetu, kwa kujaribu na kuchonga tena, kama wewe. Unatusaidia kujua kitasa kinafanya kazi gani. Bado si dawa."

Akamweleza polepole. Kwenye ukuta wa seli ya ubongo kuna vipokezi. Kitu kinachofaa kikigusa kwa nje, ujumbe unapita ndani. Kipokezi hiki kimejaa katika sehemu ya ubongo inayoamua mwendo upi uanze na upi uzuiwe. Kisipofanya kazi, breki zinalegea. Mkono unaondoka bila kutumwa.

"Sasa nijibu, fundi," alisema Odile. "Mteja akikuletea kitasa ambacho ndani ni kitupu, utamchongea ufunguo?"

Mzee alitikisa kichwa. "Nitakuwa nimemwibia."

"Basi cha Maëlle ndicho hicho. Ufunguo haujapotea. Kitasa chenyewe hakikuundwa sawasawa. Hata ufunguo wetu wa maabara hauna pa kushika. Matone haya yamegusa mahali pengine: pa usingizi."

Siku hiyohiyo Aloyse alimwambia Sabine kila kitu. Sabine alimkasirikia, kisha wakapeleka kichupa kwa daktari pamoja. Ndani mlikuwa na dawa ya usingizi. Daktari akaipunguza kidogo kidogo mpaka ikaisha. Akampa mtoto dawa ya kutuliza mikono, kwa kipimo cha umri wake, akamtuma kwa mtaalamu wa matamshi. Akamwambia Sabine kwamba malezi hayahusiki. Sabine na mumewe kila mmoja amebeba nakala moja mbovu ya urithi huo bila kuugua, na Maëlle amepata zote mbili. Sabine alitoka pale kichwa juu. Kwenye duka la mikate aliyasema hayo kwa sauti, bila kuulizwa.

"Na mlango ukikataa kufunguka?" Odile alimchokoza mzee.

"Unazunguka nyuma."

Wakazunguka nyuma. Kila siku nyimbo pamoja na Maëlle, maneno yaleyale, na subira. Naye Aloyse akatengeneza taa ya shaba, akaining'iniza ndani ya pete mbili, moja ndani ya nyingine. Mkono ukiruka, pete zinazunguka, mshumaa unabaki wima.

Siku ya Mtakatifu Martin Maëlle alitembea mstari wa mbele. Mkono wake bado uliruka, ingawa si kama zamani. Mwali wa mshumaa haukuyumba. Msichana mmoja, wa walewale waliomwita kikaragosi, akaomba kuishika taa.

Maëlle alimtazama. Neno lilichelewa, nasi sote tukalisubiri.

"Yangu," alisema. Kisha akamsogezea mpini. "Shika hapa."

Mzee Aloyse alivua kofia. Hakukumbuka kuirudisha kichwani mpaka tulipofika kanisani, mwisho wa matembezi.