Njia ya Mafuta

Ukungu ulipowafunika, wifi wawili hao walikuwa bado wakibishana kuhusu chambo, na ndiyo maana hakuna aliyeuona ukija.

Mbele kwenye kayaki alikaa Msusi, mwenye saluni yake. Nyuma alikaa Muuza Samaki, dada wa mumewe. Msusi alikuwa amejitengenezea chambo bandia kwa mikono yake mwenyewe: mabaki ya nywele za bandia za saluni yamefungwa kwa uzi kwenye vipande vya madini ya risasi, na macho yamechorwa kwa rangi ya kucha. Vyeupe vilikuwa vya siku ya jua, vyekundu vya maji machafu, vyeusi vya siku ya mawingu, maana samaki akitazama juu siku ya mawingu huona kivuli kwanza. Wifi yake aliviita wanasesere.

"Samaki ana pua, wifi," alisema, akikata ukanda wa ngisi na kuupitisha kwenye ndoana mara mbili usije ukachomoka. "Hicho kidude chako kinanukia shampuu. Nani atakula shampuu?"

"Na macho anayo. Subiri uone."

"Mimi nimeshinda na samaki maisha yangu yote. Wewe umeshinda na vichwa vya watu."

Walikuwa wamepiga kasia kutoka ufukweni, wakalipita jiwe refu lenye ndege, wakinyoosha kuelekea bahari kuu, mishipi ikiburuzwa nyuma, kila mmoja akisubiri fimbo ya kuvulia ya mwenzake ibaki imelala. Atakayeshindwa angefunga mdomo safari nzima ya kurudi, na kwa Muuza Samaki hicho kilikuwa kifungo cha maisha. Simu waliziacha garini kwa kuogopa maji. Dira hawakuwa nayo. Nchi kavu ilikuwa pale pale nyuma yao, na nani hubeba dira ya kwenda mahali anapopaona?

Kisha Msusi akageuka, na nchi kavu haikuwepo.

Hapakuwa na kitu. Kijivu juu, kijivu chini, na kayaki yao ya njano katikati kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Hata sauti ilikuwa imekufa. Msusi alipokohoa, kikohozi kilimrudia puani.

"Huku," alisema Muuza Samaki, akaanza kupiga kasia kwa nguvu.

"Umejuaje ni huku?"

"Sasa tukae tu? Maji yameanza kupwa, wifi. Yanatutoa nje."

Hilo lilikuwa kweli, na Msusi alilijua. Maji yakipwa huvuta kila kitu kuelekea bahari kuu, na huko hakuna wa kuwaokota. Walipiga kasia bila kujua waendako, wakakata kushoto, wakakata kulia. Kwa kuvuta mshipi haraka haraka, Muuza Samaki alijichoma kiganja kwa ndoana ya chambo cheusi cha Msusi. Aliichomoa huku ameuma ukosi wa shati. Damu ikachuruzika hadi kwenye kiwiko, ikaanza kudondoka majini.

Hapo ndipo waliposikia kugongwa.

Tok. Chini ya kayaki, nyuma, pale pale Muuza Samaki alipokaa. Kimya. Tok, tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi na hana haraka.

"Jiwe," Msusi alisema.

"Hapa hakuna jiwe. Hapa ni kina."

Kayaki ilijiinua kidogo upande mmoja, ikashuka. Msusi alishika kingo kwa mikono miwili. Upepo mwembamba ulikuwa umeanza, na maji yalikuwa yakitetemeka viwimbi vidogo vidogo kila mahali, ila mbele yao kidogo, ambapo palikuwa na njia. Ilikuwa njia hasa, pana kama barabara ya miguu, laini, bila kiwimbi hata kimoja, ikitokea kwenye ukungu upande huu na kupotelea kwenye ukungu upande ule. Magamba yalimetameta juu yake.

"Nani kapita hapa?" alinong'ona.

Muuza Samaki alichungulia ubavuni. Mkono wake mzima ulikuwa umeshika kamba iliyozama majini.

"Wifi. Nani kapita hapa?"

"Sisi," alisema mwishowe. "Nimefunga kifuko chini. Matumbo ya vibua na mafuta ya jodari. Nilikifunga ulipokuwa unatazama mbele, nikasema samaki watakuja upande wangu. Kimekuwa kinavuja muda wote."

Msusi alitaka kumtukana, na matusi aliyokuwa nayo yalikuwa ya kutosha. Ila kitu kiligonga tena, na hasira ikamwisha mwilini, ikabaki akili peke yake. Mafuta yaliyotulia juu ya maji yalikuwa ndiyo njia yao wenyewe. Walipokuja kwa kunyoosha, kifuko kilichora mstari. Wakiufuata kinyume, utawarudisha.

"Upande upi ndio nyuma?" aliuliza.

Muuza Samaki aliinama, akanusa, akachovya vidole pande zote mbili. "Huku mazito, bado mabichi. Kule yamekonda, yametawanyika. Kule ndiko tulikotoka." Kisha akatazama nyuma. "Lakini wifi, kinachofuata harufu huanzia kwenye nyembamba, kinakuja kwenye nzito. Kama hiki kimekuja, na wengine wanakuja. Na wanakuja kwa njia hiyo hiyo."

Wakatazamana. Barabara ilikuwa moja, na ilikuwa na wenyewe.

Msusi alitoa kwenye mfuko wake glavu za kupakia rangi ya nywele. Alimvalisha wifi yake mkono ulioumia, akaukaza kwenye kifundo kwa mshipi hadi damu ikabaki ndani. Kisha wakavuta kamba, wakakipandisha kile kifuko chenye uvundo, wakakifunga kwenye chupa tupu ili kielee, wakakiachia. Hawakusubiri kuona. Nyuma yao maji yalifunguka kwa sauti ya shuka inayokung'utwa.

"Polepole," Muuza Samaki alisema. "Usipige maji. Yaingie tu makasia, yatoke."

Wakaingia njiani.

Wa kwanza alipita chini yao kabla hawajamaliza pumzi moja. Kilikuwa kivuli tu, kirefu kuliko kayaki, kikielekea kwenye kifuko walichokiacha. Hakuwageukia. Kayaki ilipanda kwa mgongo wa maji aliyoyasukuma, ikashuka. Akaja mwingine. Wakaja wawili sambamba, mapezi yakikata ule ulaini bila povu. Papa, wa aina ambayo Muuza Samaki aliwakata mezani kila wiki, lakini hajapata kuletewa wa urefu ule. Walikuja kwa foleni, mmoja nyuma ya mwingine, wametulia, kama watu wanaoelekea mazishini, na wifi hao wawili wakiwapita kinyume, midomo wameifunga.

Mmoja alikuja juu juu, karibu sana, mkono wa kushoto. Shavuni mwake palining'inia ndoana yenye kutu, na kwenye ndoana palikuwa na mkia mweusi wa nywele zilizosukwa, unaomfuata majini. Msusi hakuwahi kuondoa mkono. Ule mkia ukapita juu ya vidole vyake vilivyoshika kasia, taratibu, wote, tangu mwanzo hadi ncha.

Alipoangalia tena palikuwa na ukungu tu.

"Umeona?" wifi yake alinong'ona. "Na yule naye alikula kidude kama vyako."

"Piga kasia," Msusi alisema.

Njia ilizidi kukonda, halafu ikaisha. Mbele viwimbi vilitetemeka kila upande, sawasawa.

"Ulikifungia wapi hicho kifuko?"

"Tulipolipita lile jiwe lenye ndege."

"Basi liko wapi jiwe?"

"Maji yametusogeza na njia yetu pia. Ngoja." Muuza Samaki alifumba macho, akageuza uso huku na huku kwenye ule upepo mwembamba. Alivuta pumzi ndefu. "Mavi ya ndege. Huku. Twende na upepo usoni."

Walijikaza kisabuni. Mikono ilikufa ganzi, maji yaliyokuwa yakipwa yakawavuta nyuma kila walipopumzika hata kidogo, nao wakaacha kupumzika. Jiwe liliwatokea ghafla, jeusi, refu, likinuka vibaya kuliko kitu chochote, na Msusi alilikumbatia kama mama mzazi. Walipanda kwa kucha, wakaivuta kayaki nyuma yao, wakakaa mgongo kwa mgongo katikati ya ndege waliokuwa wamelala. Muuza Samaki alilia kwa sauti, akaomba msamaha, akalia tena. Msusi alimshika ule mkono wenye glavu na hakuuachia.

Ukungu ulipoinuka, ufukwe ulikuwa karibu kiasi cha kuona rangi ya gari lao. Mume wa Msusi alikuwa tayari anakuja na boti ya kuazima, akiwapigia kelele kwa majina yote mawili, na sauti yake ilikuwa imekwaruza.

Kidonda cha mkono kilipopona, Muuza Samaki alikwenda saluni kusukwa, yeye ambaye siku zote alisukwa kwa jirani kwa sababu wifi yake anaringa. Alikaa akitazama kioo, na Msusi akagawa nywele zake kwa kitana, akaanza msuko wa kwanza.

"Wifi," Muuza Samaki alisema baadaye. "Zile za kwenye shavu la papa. Siku hizi nalala nikiziona. Zilikuwa nywele za bandia tu, si ndiyo? Wewe zilikugusa."

Vidole vya Msusi vilikuwa ndani ya nywele hai, zenye joto la kichwa, na vilijua tofauti hata gizani, kama vilivyojua siku ile.

"Za bandia," alisema. "Inamisha kichwa."