Zamu ya Kukata Upepo

Jua lilikuwa linazama Msusi alipoingia duka la kituo cha mafuta kununua maji na viraka vya mpira. Msusi ndilo jina alilopewa na kundi lao la baiskeli, kwa ajili ya saluni yake. Mumewe walimwita Karani, maana alikuwa karani wa mahakama. Walikuwa siku ya tatu ya safari ya siku nne, mji hadi mji kwa nguvu za miguu, na huko nje Karani alikuwa amekaa tena juu ya kreti la soda akisugua mapaja.

Kundi lilikuwa na sheria moja. Mnakwenda mstari mmoja, wa mbele anakata upepo, wa nyuma wanajificha mgongoni kwake. Akichoka anapokewa. Asiyeshika zamu huitwa kupe, na siku zote hizo kupe alikuwa mmoja tu, Karani. Jina hilo alilitunga kiongozi wao, Nahodha, fundi rangi mwenye mdomo usiolala. Watu walicheka. Msusi naye, aliyechoka kumsubiri mume kwenye kila mlima, akacheka. Tena akaongeza la kwake. Mchana ule, mbele za watu, alisema, "Hata nyumbani ni hivyo hivyo. Mgongo ni wangu."

Karani aliinama akafunga kamba za viatu, na kamba zenyewe zilikuwa zimeshafungwa.

Msusi alipotoka dukani, wenzao walikuwa wameondoka zamani. "Tutaonana nyumba ya wageni, shemeji," Nahodha alikuwa ameaga. "Kupe hatumsubiri."

Lakini uwanja haukuwa mtupu.

Palikuwa na mtu juu ya baiskeli kuukuu isiyo na taa. Alikuwa anamzunguka Karani polepole, duara baada ya duara, bila kuweka mguu chini. Jezi yake ilikuwa imepauka hadi haina rangi. Alinuka kutu, kutu mbichi, kama mfereji wa zamani ukifunguliwa.

"Wenzenu wako mbali," alinong'ona. "Naweza kuwavuta."

"Mvute huyu," Msusi akasema, haraka haraka, kama mtu anayetua mzigo. "Mimi najiweza."

Karani alimtazama mkewe. Alimtazama kwa muda kidogo, kisha akapanda baiskeli yake.

Upepo wa jioni ile ulikuwa na roho mbaya. Ulimpiga Msusi kifuani, ukamjaza mchanga machoni. Alijikaza pembeni kidogo, peke yake, kwa kiburi. Lakini mgongoni kwa yule mtu shati la Karani lilining'inia limetulia kabisa, kama limeanikwa chumbani.

Wakafika mteremko mrefu. Wote wawili, mke na mume, waliacha kukanyaga ili kupumzisha miguu, na magurudumu yao yakaanza ule mlio wake. Tiki-tiki-tiki-tiki...

Gurudumu la yule mtu halikulia.

Alikuwa bado anakanyaga. Kwenye mteremko, ambako hata mtoto hakanyagi, miguu yake ilizunguka tu. Msusi aliitazama. Giza lilikuwa linaingia. Yule mtu akasema bila kugeuka:

"Nimekukatia upepo. Sasa ni zamu yako. Unakubali?"

Msusi alitaka kusema mwache, huyo hawezi. Neno likamkwama, kwa sababu alikuwa ameshalisema mara nyingi mno.

"Nakubali," Karani akajibu. Sauti ilikuwa imenyooka. Miaka yote ya ndoa Msusi hakuwahi kuisikia sauti hiyo.

Yule mtu akaanguka palepale barabarani, baiskeli huku, yeye kule. Msusi alibana breki, kidogo amkanyage. Karani akapita mbele.

Mlio wa gurudumu lake ukakoma.

"Baba watoto!"

Hakugeuka. Miguu ilizunguka, ikazunguka, hadi giza likammeza.

Aliyeanguka alikuwa mzee sana, ingawa juu ya baiskeli hakuonekana hivyo. Alijikokota akakaa ukingoni mwa barabara, akaishika ardhi kwa viganja vyote viwili. Alikunywa chupa nzima ya maji. "Niliambiwa nikate upepo kidogo tu," alisema. "Nikakubali." Halafu akauliza kama mkewe bado anamsubiri, akataja mtaa ambao Msusi hakuujua. Alizungumza nusu saa hivi, akilia na kushukuru kwamba amekaa. Kisha akalala ubavu. Gari lililopita lilipokubali kusimama, alikuwa ameshapoa.

Habari za siku ya mwisho Msusi alizipata kwa wenzake. Alfajiri Karani alipita mbele ya nyumba ya wageni, wakamkimbilia, wakajipanga nyuma yake. Akawakatia upepo kutwa nzima. "Leo kupe kawa dume," Nahodha alishangilia, akiwa wa kwanza mgongoni kwake. Penye utepe wa kumalizia wote walishuka. Karani alipitiliza. Hakuna aliyemfuata, kwa sababu walikuwa wanapiga picha.

Medali yake waliileta kwenye mfuko wa plastiki.

Polisi walitafuta wakachoka. Watoto waliuliza wakanyamaza, na kunyamaza kwao kulimuuma Msusi kuliko maswali. Alijichukia, akalichukia kundi zima, na chuki hiyo ndiyo iliyomwamsha kila asubuhi akafungue saluni. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja. Amwone mumewe amekaa, amwombe radhi kwa lile neno.

Miezi ikapita. Jioni moja, Msusi anaosha vitana saluni, Nahodha akaingia. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia ya baiskeli magotini.

"Shemeji... nikiendesha jioni, upepo haunipigi."

Msusi aliendelea kuosha.

"Kuna mtu mbele yangu. Haongei, anakanyaga tu. Mgongo ni wa mumeo, shemeji. Naujua ule mgongo."

"Basi?"

"Jana kaongea. Kasema zamu yangu. Anauliza kama nakubali." Alizungusha kofia magotini. "Nilikimbia. Nikimjibu hapana ataniacha? Au nisipite tena ile barabara? Wewe ulikuwepo. Nifanye nini?"

Jibu Msusi alikuwa nalo. Kataa, uza baiskeli, kaa na mkeo. Lilikuwa jepesi, na Nahodha angelifuata kama mtoto. Msusi alifuta kitana kimoja, akakitazama kwenye mwanga, akakiweka.

"Si alikukatia upepo kutwa nzima?" akauliza taratibu. "Au na wewe ni kupe?"

Nahodha akavaa kofia yake, akatoka. Msusi alisikiliza baiskeli ikienda mpaka haikusikika tena. Hakumwita.

Aliwapeleka watoto kwa bibi yao, akarudi nyumbani, akabandika maji ya kuoga. Hayakuwa yamechemka simu ilipolia. Alikuwa mke wa Nahodha, sauti inajaribu kucheka.

"Dada, samahani. Mume wangu hajapita hapo kwako? Kaacha chakula mezani, katoka na baiskeli, na simu hapokei."

Nje baiskeli ilikuwa imeanguka, kisha kitu kikagusa ubao wa mlango. Mtu alikuwa anajiteremsha chini polepole, mgongo ukisugua mlango, hadi akafika sakafuni. Harufu ya kutu ikapenya chini ya mlango. Kisha ikasikika pumzi, ndefu, ya uzee, ya mtu aliyekaa.

"Dada? Upo?"

"Hajapita hapa," Msusi akasema, akakata simu, akakimbilia mlango kwa sababu ile nusu saa ilikuwa imeshaanza kwenda.