Wimbo wa Tryphena

Kila Jumamosi Tryphena aliteremka kutoka Sagalla na mama yake, wakiwa na mayai na mbaazi za kuuza sokoni Voi. Mama akishatandika gunia lake chini na kupanga bidhaa, Tryphena aliomba ruhusa akaenda kwa Mzee Badawy, fundi wa redio.

Mwaka huo wa 1974 Tryphena alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa na gitaa. Alipewa na mjomba wake Reuben, mfanyakazi wa reli. Mzee Badawy naye alikuwa na santuri za Wamarekani weusi, alizonunua kwa mabaharia wa Mombasa. Waimbaji hao walikuwa wazee wenye sauti nzito, wakipiga gitaa kana kwamba wanazungumza nalo. Tryphena hakuyaelewa maneno, lakini vidole vyake vilijifunza kila kitu. Shuleni wenzake walimwita Mmarekani wa Sagalla, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali kusema.

Yakatangazwa mashindano ya nyimbo za shule huko Wundanyi. Sharti lilikuwa moja: wimbo uwe mpya, umetungwa na mwanafunzi mwenyewe. Tryphena alichukua muziki wa santuri moja, akaupachikia maneno ya Kiswahili kuhusu treni, akamwimbia Mwalimu Priscilla. Mwalimu alimuuliza kama ameutunga wote peke yake. Tryphena akaitikia kwamba ni wake, mwanzo hadi mwisho. Fomu ikajazwa, ikapelekwa.

Jumamosi iliyofuata alimpigia Mzee Badawy wimbo huo, akingoja sifa. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha alitoa santuri kwenye jalada lake, akaweka sindano, na muziki ule ule ukajaza duka.

"Kule Wundanyi hakuna mwenye santuri hii," Tryphena alisema kwa sauti ndogo.

"Huenda," alijibu Mzee Badawy. "Lakini wewe unajua, binti yangu. Utasimama mbele za watu na huku unajua."

Njia ya kupanda Sagalla ilikuwa ndefu siku hiyo kuliko siku zote. Jumatatu asubuhi Tryphena alikwenda ofisini kwa Mwalimu Priscilla na kumweleza kila kitu. Mwalimu hakumchapa. Alimwambia kwamba mashindano ni Jumamosi, na asipoleta wimbo wake mwenyewe kufikia Alhamisi, atalifuta jina lake.

Jumanne alijaribu, na kila alichotunga kilirudi kwenye santuri ile. Jumatano baada ya shule alitumwa maji. Ilikuwa siku ya tatu bomba la kijiji halitoi ila hewa, na foleni ya madebe ilifika hadi kanisani. Mbele yake alisimama Bibi Lois, mwanamke asiyejua kunyamaza.

"Bomba linakohoa," aliimba Bibi Lois kwa utani. Hakuna aliyejibu, akarudia, "Nasema bomba linakohoa!"

"Lipelekwe zahanati," akajibu mwanamke mmoja, na foleni nzima ikacheka.

Tryphena alishtuka kama aliyeguswa begani. Yule Mmarekani aliyeimba kwenye santuri naye alifanya hivyo hivyo: alisema shida yake, akairudia, kisha akaijibu. Akaanza kutunga pale pale, akigonga debe kwa vidole. Alhamisi alimwimbia Mwalimu Priscilla wimbo huo, na jina lake halikufutwa.

Jumamosi, mbele ya ukumbi uliojaa, aliwaambia majaji kwamba namna ya kurudia mstari alijifunza kwenye santuri za Kimarekani, neno la kwanza alipewa na Bibi Lois, na mengine pamoja na muziki aliyatunga kwenye foleni ya maji. Kisha akaimba:

*Bomba linakohoa, maji hayatoki,*
*Nasema bomba linakohoa, maji hayatoki,*
*Nimesimama tangu asubuhi, na bado sichoki.*

Ukumbi ulicheka kwanza, halafu ukatulia. Kulikuwa na akina mama wengi mle ndani, na wote waliijua foleni hiyo. Kufikia ubeti wa tatu walikuwa wanamwitikia.

Alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Phineas wa Werugha, mwenye sauti kama kengele, na Tryphena alimpa mkono bila kinyongo. Mama yake, aliyefunga safari kuja kumsikiliza, alikuwa akimwambia kila aliyekaa karibu kwamba yule ni wake.

Nje ya ukumbi Mwalimu Priscilla alimshika Tryphena bega.

"Yule Mmarekani wa santuri alikufundisha kuimba shida," alisema. "Lakini aliimba ya kwake. Jifunze kwa yeyote duniani, mwanangu, na umtaje bila haya. Kisha useme lililo lako. Wiki iliyopita ningejivunia santuri ya mtu. Leo najivunia wewe."