Turbo Kwenye Gari la Mkate

Alfajiri katika nyumba moja mtaani kwetu ilianza kwa harufu ya mkate. Mke, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mikate, alifungua tanuri, akaugonga mkate mmoja kitakoni kwa kidole, akasikiliza. Mlio ukiwa mkavu, mkate umeiva. Ndipo alipoanza kuipanga mikate kwenye trei. Mume alirudisha gari kinyumenyume hadi mlangoni, wakapakia pamoja bila maneno mengi, kisha wakapanda mlima kwenda hospitali, ambako jiko la wagonjwa lilisubiri mkate wa asubuhi.

Gari lenyewe lilikuwa dogo na la zamani. Liliwaka kila lilipowashwa. Udhaifu wake ulionekana mlimani, likiwa na mzigo: lilikwenda taratibu hata majirani wakalipa jina la Bibi Harusi. Nawaomba mkumbuke jambo hili, majirani zangu. Lilikuwa la polepole, lakini halikuwahi kuchelewa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na nyumba hii iliumia kwa sababu mtu mmoja aliyachanganya.

Mtu huyo ni mume. Alikuwa fundi wa matairi, hodari, na kwa kazi hiyo aliitwa Upepo. Asubuhi moja mdogo wake, mwenye gari lililotoka kiwandani likiwa na turbo, kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi, aliwapita pale mlimani, akashusha kioo na kupiga kelele: "Kaka! Bibi Harusi akifika mniite, nije nipige vigelegele!"

Mama Mikate alicheka mpaka akashika mbavu. Upepo hakucheka. Siku hiyo hiyo alikwenda gereji kwa shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, fundi wa injini.

"Shemeji, nataka unifungie turbo."

"Kwenye nini?"

"Kwenye gari langu."

Yule mwanamke alitoa kichwa chini ya boneti aliyokuwa ameinamia. "Hilo la mkate? Shemeji, umeamka salama leo?"

"Usinitanie. Nijibu."

"Haya. Injini yako inavuta hewa yenyewe, kama wewe unavyopumua. Walioiunda walijua itavuta kiasi gani, ndiyo maana wakazipanga pistoni ziibane hewa hiyo sana. Ukiisukumia hewa nyingine juu ya hiyo, ndani joto linapita kiasi. Petroli inalipuka kabla ya plagi kutoa cheche, wakati pistoni bado inapanda. Ni sawa na kumpiga nyundo ya kichwa mtu anayepanda ngazi."

"Kwa hiyo haiwezekani."

"Sijasema hivyo. Inawezekana. Nibadilishe pistoni, niweke nozeli kubwa za petroli, nifunge kipoza hewa, nipange upya kompyuta ya injini, halafu nipime mpaka niridhike. Gari litalala hapa kwa muda mrefu. Mkate utabebwa na nini?"

"Wewe funga turbo tu, hizo nyingine mbwembwe za mafundi. Mimi nimeshinda na upepo tangu ujana wangu. Hewa ni hewa. Tairi likilegea, unajaza."

"Tairi halina moto ndani, shemeji."

"Ndiyo maana dada yako aliolewa, wewe ukabaki kuongea na vyuma!"

"Vyuma havinidanganyi. Turbo peke yake sifungi."

Upepo aliondoka. Ng'ambo ya pili ya mji alimpata fundi asiyeuliza maswali. Huyo aling'oa turbo kwenye gari lililopata ajali, akaifunga kwenye injini ya Bibi Harusi pamoja na mabomba yake, na mengine yote akayaacha kama yalivyokuwa. Fedha iliyotumika ilikuwa imewekwa kwa ajili ya tanuri la pili. Mama Mikate aliambiwa gari limefanyiwa sevisi.

Sitaficha ukweli ili hadithi ipendeze: mwanzoni gari lilipanda mlima vizuri kuliko zamani. Lilitoa mluzi mwembamba na kuyapita magari mengine, hata Mama Mikate akasifu. "Sevisi hii kiboko," alisema. Fundi yule alikuwa ameiweka turbo isukume hewa kidogo tu, na injini ikavumilia. Laiti mambo yangeishia hapo, pengine ingeendelea kuvumilia kwa muda.

Hayakuishia hapo. Turbo ina mlango mdogo unaopitisha pembeni moshi uliozidi, ili hewa inayosukumwa isivuke kiwango. Mlango huo hufungwa na chuma chenye nati ya kurekebishia. Upepo alichukua geji yake ya kupimia matairi, akaiunganisha kwenye bomba la hewa, akasoma namba na kuguna. Kwa macho ya fundi matairi, namba hiyo ilikuwa ya tairi lililolegea. Akachukua spana, akaikaza nati ili mlango uchelewe kufunguka na hewa iongezeke. Wiki iliyofuata akaikaza tena. Geji ilimwambia kiasi cha hewa, nayo haikukosea. Haikuwa na uwezo wa kumwambia joto lililokuwa likipanda ndani, wala petroli ambayo haikutosha tena.

Injini ilianza kugonga. Ulikuwa mlio mkavu wa haraka, kama kokoto ndani ya kopo, na ulisikika mlimani tu. Upepo aliusikia na kuuelewa, kwa maana alikuwa ameshaambiwa. Alichofanya ni kuongeza sauti ya redio.

Hilo ndilo kosa lenyewe, na ninataka mlitazame vizuri. Hakuwa mlevi, hakumpiga mtu, hakuiba. Alinyoosha mkono akaongeza sauti.

Mama Mikate alianza kushangaa. "Baba, mbona kila tukifika mlimani unatupigia muziki kama tuko ukumbini?"

"Kuchangamsha asubuhi, mke wangu."

"Bondeni asubuhi haichangamshwi?"

Upepo akakanyaga mafuta. Siku iliyofuata, katikati ya mlima, mkewe alinyoosha mkono akazima redio. Mwanamke aliyezoea kusikiliza kitako cha mkate hakuhitaji maelezo. Alisikia kokoto zinagonga chini ya miguu yake.

"Simamisha gari."

"Tukifika juu."

"Nimesema simamisha!"

"Bado kidogo tu, mama, tukifika..."

Kitu kilipasuka mbele yao kwa kishindo kizito. Moshi wa buluu ukajaa barabarani na gari likapoteza nguvu zote. Upepo alikamata breki ya mkono kwa mikono miwili. Nyuma yao trei ziliteleza, lakini mkate ulikuwa mzima.

Mama Mikate alishuka, akatazama oili inayotiririka mpaka kwenye mtaro. Upepo alianza kusema jambo kuhusu turbo, mdogo wake na vigelegele.

"Nitayasikia jioni," mkewe alimkatiza. "Sasa hivi mkate uko hapa na wagonjwa wako kule. Mpigie mdogo wako."

Mdogo mtu alikuja mbio na gari lake la fahari, lenye viti viwili na buti lisilotosha hata trei moja. Walizipanga trei kati ya viti, kwenye dashibodi na kwenye mapaja ya Mama Mikate, mpaka dereva akawa anatazama njia kupitia pengo kati ya mikate.

"Shemeji, viti vyangu vya ngozi!" alilia.

"Endesha."

Walichelewa. Msimamizi wa jiko la hospitali, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwapokea mlangoni bila kupaza sauti.

"Wagonjwa wa kisukari hudungwa sindano zao kwa kufuata saa ya chakula. Leo wamedungwa, chakula hakikuja. Mmoja ameanguka. Wauguzi wamemrudishia fahamu kwa sukari, anaendelea vizuri. Sitaki maelezo ya gari. Kesho mkate ukichelewa, nitatafuta mwokaji mwingine."

"Kesho utafika," alisema Mama Mikate.

Jioni alimsikiliza mumewe mpaka mwisho. Kisha akasema: "Uliongeza redio ili nisisikie. Turbo ningekusamehe hata leo. Hiyo redio itanichukua muda." Ndipo akauliza: "Mkokoteni wa kubebea matairi bado unao?"

"Upo."

"Nani atauvuta?"

"Mimi," alisema Upepo. "Mpaka gari litakapopona, nauvuta mimi."

Alfajiri walipakia mkate kwenye mkokoteni na kuufunika kwa turubai safi. Walitoka mapema zaidi. Upepo alivuta, mkewe akasukuma. Pale injini ilipopasukia alisimama kidogo, jasho linamtoka, akipumua kwa nguvu zake mwenyewe, kisha akaendelea. Mdogo wake aliwapita, akashusha kioo, kisha akakipandisha. Kesho yake alikuja kwa miguu kusaidia kusukuma.

Mkate ulifika kwa wakati siku hiyo na kila siku iliyofuata, hata mvua ilipowapata na vidole vya Upepo vilipochubuka. Msimamizi hakuwasifu. Alipokea trei na kuendelea na kazi, na hiyo ilitosha.

Shemeji fundi alipoifungua injini alitoa pistoni moja iliyotoboka katikati, kingo za tundu zimeyeyuka. Aliiweka mkononi mwa Upepo bila utani. Injini iliundwa upya jinsi kiwanda kilivyoikusudia, bila turbo. Ilichukua muda, maana fedha ilitafutwa kwanza, na tanuri la pili halijanunuliwa hadi leo. Bibi Harusi amerudi mlimani na mwendo wake wa zamani. Pale penye redio pamebaki tundu, kwa sababu Upepo aliing'oa mwenyewe, na mkewe hajamwambia airudishe.

FUNZO

Turbo haina hatia katika habari hii. Ni kifaa kizuri kwenye injini iliyoandaliwa kuibeba. Anayetaka kuongeza nguvu, iwe kwenye gari, biashara au nyumba yake, aanze kwa kuuliza ni sehemu gani zitaubeba mzigo mpya, na aziimarishe kwanza. Ujuzi wa kazi moja usimfanye mtu ajione bingwa wa kazi nyingine.

La pili ni zito zaidi. Kitu kinachowalisha watu wako kikianza kugonga, simama hapo hapo na uwaambie. Upepo alikuwa na siku nyingi za kusimama, lakini alichagua redio, na aliyeanguka ni mgonjwa ambaye hakuwahi kulipanda gari lile.