Wimbo wa Kunywesha Ngamia

Kila asubuhi Ramla aliswali, akawasha jiko, akapika chai kwa maziwa ya mbuzi. Maziwa ya ngamia hayakuingia tena nyumbani kwake. Hata neno lenyewe, ngamia, lilikuwa marufuku.

Marufuku hiyo aliiweka yeye mwenyewe. Ukame ulimaliza ngamia wao wote kumi na tisa. Ndipo yeye na mumewe Olow wakahamia Balambala, kwenye nyumba ndogo ya mabati. Ramla akazificha chini ya kitanda kengele za mbao walizovaa ngamia shingoni. Akawaonya majirani mmoja mmoja.

"Mkimsalimia mzee wangu, ulizeni watoto. Ulizeni mvua. Hata goti langu ulizeni, linauma sana. Mifugo msiulize!"

Kwao, kumsalimia mtu bila kuulizia mifugo yake ni kama kumnyima chai. Lakini Ramla alikuwa na mdomo, na majirani waliuogopa. Wakatii.

Ramla alidhani asichotajiwa mtu hukisahau. Miezi minne ikapita. Olow aliegemea ukuta, akitazama upande wa malisho. Ukimsalimia, aliitikia. Ukimpa chakula, alionja. Basi. Kanzu yake ikaanza kumpwaya.

Jambo lililomuuma Ramla zaidi ni sauti ya Olow. Alipokuwa msichana, alikwenda kisimani akasikia kijana akiimba chini, ndani ya kisima, huku akipandisha maji ya ngamia. Sauti aliisikia kwanza, uso akauona baadaye. Uso haukuwa mzuri sana, lakini kufikia hapo alikuwa ameshapenda. Sasa uso alikuwa nao kutwa, ila sauti haipo. Aliitamani kama mtu wa safari anavyotamani maji.

Siku moja akapita Qabale, mhudumu wa afya wa kijiji chao, mwanamke wa Kiborana.

"Abaayo, dada yangu, zahanati walisema nini kuhusu mzee?"

"Wamempima damu, wamempima presha. Hana ugonjwa. Qabale, mume wangu anakauka!"

"Hapa nyumbani mnaongea kuhusu ngamia wake?"

"Astaghfirullah! Nimtoneshe kidonda?"

Qabale akaketi. "Dada, hiyo ni huzuni. Umeifungia ndani, na huko ndani inamla. Inataka mlango wa kutokea. Ya mwingine hutoka kwa maneno. Ya mwingine kwa kusuka mkeka, au kuchora, au kuimba. Si lazima kiwe kitu kizuri. Mzee alikuwa akipenda nini?"

"Kuimba kisimani."

"Basi wimbo urudi nyumbani. Usimlazimishe. Akilia, usimnyamazishe, kaa naye tu. Lakini akikataa chakula kabisa, au akisema hataki kuishi, usingoje. Niite twende hospitali siku hiyohiyo."

Kesho yake Ramla alikaa karibu na Olow akiosha sufuria. Akaanza kuimba taratibu wimbo wa kunywesha, akiwaita ngamia wao kwa majina.

"Guduudo njoo, maji yamefika..."

Olow hakugeuka.

"Dheero njoo, hodhi limejaa..."

Kidole cha Olow kikatikisika. Ramla akaendelea. Akawaita ngamia ovyo ovyo, dume mbele ya jike, mzee mbele ya mtoto.

"Sivyo!" Olow akafoka. "Madoobo ndiye wa kwanza! Ana mimba. Mwenye mimba hunywa kwanza!"

Sufuria ikamponyoka Ramla. "Mimi nitajuaje? Huu ni wimbo wa wanaume."

"Sasa unauimba wa nini?"

"Ninauimba vibaya, si umesikia? Imba wewe."

Olow akafumba macho, akapiga kiganja gotini, akaanza. Sauti ilikwaruza kama kamba kavu, lakini ilikuwa ileile. Akamwita Madoobo. Akamwita Guduudo. Alipofika kwa Dheero, sauti ikakatika, akalia.

Ramla alitaka kumwambia anyamaze, yeye ni mwanamume. Akajizuia. Akaketi.

"Walikufa mmoja mmoja, Ramla," alisema Olow. "Sikumlilia hata mmoja. Nilikuwa nachimba maji."

Jioni hiyo alimaliza sahani yake ya wali.

Tangu hapo, kila Alhamisi Olow huenda kwenye kikundi ambacho Qabale huwakusanyia wenye huzuni kijijini. Weris, mjane, husuka mkeka na kusimulia habari za marehemu mumewe. Abdihafid, mchungaji kama Olow, huchora mchangani njia za malisho. Olow huimba. Kumbe anajua kutunga pia, na hakuwa akijua. Zipo siku huzuni humrudia, akaegemea ukuta. Qabale anasema hilo ni la kawaida. Siku hizo Ramla humuuliza, "Leo unamkumbuka nani?" Naye humtaja.

Majuzi Ramla alimletea chai, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Ngamia kumi na tisa, kila mmoja ana ubeti wake. Mimi nina miaka thelathini nawe na watoto sita. Hata mstari mmoja sina?"

Olow akageuza uso kuelekea malisho. Ramla akaogopa. Kisha kiganja kikagonga goti.

"Yupo mmoja, ukame ulishindwa kumchukua.
Ulimkaribia, akaugombeza, ukakimbia."

Ramla akajifunika uso kwa shela, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Endelea," akasema. "Huo ni ubeti mmoja tu."