Marekebisho Niliyokataa Kuyavuta

Majirani zangu wa Uthiru, na nyinyi wote mnaofanya kazi pamoja na mtu mnayelala naye nyumba moja, nisikilizeni. Jina langu ni Mungai. Habari hii mmeisikia nusu nusu kanisani na kwa kinyozi, tena ikiwa imetiwa chumvi. Leo naisimulia mwenyewe, ingawa uso unaniwaka.

Mimi na mke wangu Nzula tunaandika programu za kompyuta. Iliyotupa jina ni ya kliniki: muuguzi anaingiza uzito wa mtoto na jina la dawa, nayo inamwambia ampe mililita ngapi. Programu ilikuwa moja, lakini ilikaa kwenye maghala mawili. Ghala ni pale kwenye kompyuta panapohifadhiwa maandishi yote ya programu pamoja na historia yake: nani alibadilisha nini, siku gani, saa ngapi. Kliniki za katikati ya jiji zilitaka ghala lao likae ofisini kwao, ghorofa ya nne, karibu na Moi Avenue. Hilo alilitunza Nzula. Kliniki ndogo za huku kwetu, Uthiru hadi Mutuini, zilihudumiwa na ghala langu la nyumbani.

Sasa, maghala mawili hayajuani. Nzula akirekebisha kosa kwake, kwangu kosa linabaki mpaka nivute marekebisho yake, yaani niyanakili kwenye ghala langu. Kwa hiyo tulijiwekea desturi. Kila Ijumaa saa nane mchana tuliketi sebuleni, chai ya maziwa na nduma za kuchemsha mezani, tukisomeana moja moja mabadiliko ya wiki. Hii umevuta? Nimevuta. Na hii? Tukimaliza, maghala yanafanana. Niliipenda saa hiyo kuliko zote za wiki. Nzula alikuwa akinicheka kwa sababu nakula nduma kwa kijiko kama mgeni wa heshima.

Kiburi kilinikamatia Kenyatta Market. Wenye kliniki walikuwa wametualika kula nyama choma, na mmoja wao, mzee Gerishon wa Mutuini, akauliza kwa nini orodha ya chanjo kwenye programu yetu ilikuwa ikiruka majina.

"Hapo Mungai aliteleza kidogo, mzee, lakini nimesharekebisha," Nzula akajibu kwa upole.

Mzee Gerishon akapiga meza. "Kumbe fundi ni mama! Sasa wewe Mungai kazi yako ni gani, kubebea yeye kompyuta?"

Wakacheka wote. Nzula pia alicheka. Mimi niliendelea kutafuna mfupa ambao haukuwa na kitu.

Ijumaa iliyofuata nilisema kichwa kinaniuma. Ya pili nikasema nina mgeni. Ya tatu Nzula hakupika nduma. Akawa ananitumia ujumbe tu kutoka mjini, na kila nikiona jina lake nasikia kile kicheko. Mwanamume mzima, jamani, nimenuna kwa sababu nilisaidiwa.

Jumatano moja akanipigia simu.

"Mungai, ile dawa ya maji ya kifafa, kuna chupa mpya imeingia. Ni kali mara mbili. Nimebadilisha hesabu, watoto wapewe nusu ya ile ya zamani. Vuta leo, tafadhali."

"Sawa."

"Usiniambie tu sawa. Umevuta?"

"Si nimesema nimevuta! Ama unataka kuja kunishika mkono?"

Sikuwa nimevuta. Nilijiambia nitaikagua kwanza nikitulia, maana tangu lini nikaamrishwa kazi yangu kwa simu? Jirani, kama ungekuwepo ungenizaba kofi, na ningestahili.

Jumatatu asubuhi, mtoto wa miaka minne aitwaye Mwihaki aliletwa na mama yake kwenye kliniki ya mzee Gerishon. Muuguzi Cate akampima uzito, akauliza programu, akampa dawa ya kifafa kutoka chupa mpya kama alivyoambiwa, bila kuzidisha hata tone. Wakarudi nyumbani. Mwihaki akalala. Kufikia adhuhuri mama alimmwagia maji usoni na hakushtuka. Akambeba mbio kwa boda boda hadi hospitali.

Jumanne saa tatu asubuhi mzee Gerishon alinipigia. "Huyu msichana Cate amepima dawa vibaya. Mtoto hajaamka mpaka saa hii. Nimemsimamisha kazi. Lakini wacha nikuulize, si programu, ama?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta. Simu ikiwa begani, mkono wangu ulikuwa tayari unavuta marekebisho ya Nzula. Nikangoja yamalizike kuingia. Kisha nikasema, "Hapana mzee. Angalieni wenyewe, programu iko sawa."

Walipoangalia, ilikuwa sawa.

Mwihaki alifungua macho Alhamisi akaitisha uji. Nilishukuru Mungu, nikadhani mambo yameisha. Hayakuwa yameisha kwa Cate. Mama Mwihaki alimtusi mbele ya lango la kliniki. Dukani walimwita muuaji. Alikuwa akingoja barua ya kumzuia asifanye kazi ya uuguzi tena maishani. Niliyasikia yote hayo nikanyamaza, na kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi.

Ijumaa ya wiki ya pili Nzula alirudi mapema. Alikuwa amesikia habari za Mutuini, na jina la dawa likampa shaka. Akafungua ghala langu.

"Mungai, kuja hapa." Nikaenda. "Historia inasema ulivuta Jumanne, saa tatu na dakika kumi. Mtoto alipewa dawa Jumatatu."

Nikafunga kifuniko cha kompyuta. Akakifungua tena.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na Cate?"

Afadhali angepiga kelele. Akaniambia taratibu, "Vaa viatu. Tunaenda Mutuini, na utasema kwa mdomo wako. Ukishindwa nitasema mimi, lakini nikisema mimi sirudi hii nyumba."

Nilisema. Mzee Gerishon alikuwepo, na Mama Mwihaki, na Cate aliyeitwa kutoka nyumbani kwao. Nilieleza simu ya Jumatano, uongo wangu, na nilichofanya Jumanne wakati mzee akiniuliza. Cate alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilifikiria macho yangu yameharibika," akasema. "Nimekaa jikoni kwa mama nikipima maji na sindano, tena na tena, nione kama mkono yangu inakosea. Siku kumi. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, sister. Nisamehe."

Mama Mwihaki ndiye aliyesimama. Hakuja kwangu. Alipiga magoti mbele ya Cate akamshika mikono, na wote wawili wakalia, nami nikasimama pale sina pa kujificha.

Cate alirudishwa kazini. Mzee Gerishon na wenzake walihamia ghala la Nzula, langu likafungwa. Nzula hakuniacha, lakini nikimwambia nimefunga mlango, anainuka kwenda kuutikisa.

FUNZO

Wanaofanya kazi moja mahali pawili lazima wailinganishe kila mara, na zaidi siku wanapokasirikiana, maana ugomvi ndio unaotenganisha kazi bila mtu kuona. Ukionyeshwa kosa lako, lirekebishe kwanza. Kununa kunaweza kungoja. Usiseme umefanya jambo ambalo hujafanya. Na ukiona mwenzako anabeba lawama yako, sema siku hiyo hiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wazee wetu. Mimi nilificha, na kifo kikapiga hodi nyumba ya mtu mwingine. Nikikutana na Cate njiani bado nashindwa kumtazama usoni. Yeye hunisalimia.